Kipandio Kilichobaki Bandani

Mdogo wangu Orrin Bakken hajawahi kumwambia mtu mti anaowindia. Hakumwambia baba yetu, hakumwambia marehemu mkewe Joyce aliyeishi naye miaka thelathini na mmoja, na mchungaji alipomtania kwa kumuuliza siku ya ubatizo wa mjukuu, Orrin alitoka nje kwenda kuangalia tairi. Mimi ndiye dada yake, naitwa Ardis, nimemzidi miaka sita. Shule niliishia darasa la nane, katika ile shule ya chumba kimoja ambayo siku hizi wanahifadhia chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani, lakini kichwa changu hakijatoboka. Ninayoandika hapa nimeyaona, na nisiyoyaona nitasema sikuyaona.

Huku kwetu kaskazini mwa Wisconsin, kuficha mti si uchoyo, ni malezi. Mtu atakuazima trekta msimu mzima, lakini muulize kulungu wake kampata wapi, atakujibu, "Msituni." Pikapu anaiegesha maili nzima kutoka anakokwenda, tena upande wa uongo, halafu anazunguka kwa miguu. Orrin aliwapita wote. Akifika njia panda alisimama, akazima taa, akangoja aone kama kuna gari nyuma. Siku moja alimngoja mtu wa maziwa nusu saa nzima, na mtu wa maziwa naye akawa anamngoja yeye.

Alizaliwa mwaka lilipoungua banda la baba. Akafanya kazi kiwanda cha mbao miaka thelathini na minne, akibeba mbao mbichi begani, na ndiko goti la kushoto lilikokwisha. Ujanani alipanda miti kwa misumari aliyoigongomea shinani. Baadaye akawa na skrubu za chuma. Kisha msitu wa kaunti ukapiga marufuku kutoboa miti, na kila mwindaji akatakiwa kushuka na vyombo vyake vyote jioni. Hapo akanunua vipandio vya kufunga. Kipandio ni ufito wa chuma usiozidi urefu wa mkono, wenye vikanyagio juu na chini. Unakifunga kwenye shina, unasimama juu yake, unafunga kingine juu zaidi, hivyohivyo mpaka ufike. Vile vyake vya kwanza vilikuwa vinne, vya chuma kizito, na minyororo. Vikiwa mgongoni pamoja na upinde, ni sawa na kumbeba ndama wa wiki moja kinamasini.

Majira ya baridi yaliyopita akawekewa goti jipya.

"Daktari amesemaje kuhusu miti?" nikamuuliza.

"Hakusema kitu."

"Ulimuuliza?"

"Nimekwambia hakusema kitu."

Basi hilo ndilo lililoninyima usingizi, na sina haja ya kulizunguka. Mjomba wetu Selmer alianguka mtini mwezi wa Novemba, mimi nikiwa msichana. Hakuna aliyejua mti wake. Tulimtafuta siku mbili, wanaume wanaita huku na huku, tukampata hai, akaishi miaka kumi na tisa kwenye kiti cha magurudumu pembeni mwa jiko la bibi. Orrin alikuwa amesimama nami tulipomwona akibebwa. Angepaswa kujifunza. Alichojifunza ni kufunga vizuri tu mkanda wa kujishikizia mtini. Kusema anakokwenda, hapana.

Agosti akaja kwangu na wazo. Anataka vipandio vyepesi, maana mguu haubebi tena. Na angevijaribia uani kwangu, si kwake, kwa sababu kwake kunaonekana barabarani.

Aliyevileta ni Wade, mume wa binti yake. Huyu Wade ni mtu mwenye tabasamu, na mimi watu wanaotabasamu kabla ya kusalimia huwa nawaangalia mikono. Miaka kumi na miwili tangu aoe amekuwa akiutafuta mti wa Orrin kama watu wanavyotafuta urithi. Sasa kaja na maboksi matatu.

"Shangazi, hujambo? Mzee yupo?"

"Yupo bandani, anagombana na mizani."

Kweli alikuwa nayo mkononi, mizani ya samaki. Akakitoa kipandio cha kwanza, akakining'iniza, akavaa miwani.

"Boksi linasema nusu kilo," akasema. "Mizani inasema boksi linadanganya."

"Ni kamba hiyo, mzee," Wade akasema. "Wanapima bila kamba."

"Kwani nikipanda nitakifungia mate?"

"Ni kawaida yao, mzee, wote wanafanya hivyo."

"Hata wezi wote wanaiba."

Akaitumbukiza kamba kwenye ndoo ya maji, akapima tena, akaandika ukutani kwa chaki. Cha pili kilikuwa cha ukanda na bizimu la chuma. Akakitikisa sikioni, kikalia kling. "Huyu kulungu ataniamkia kabla sijafika," akasema, akakiweka chini. Cha tatu kilikuwa cha ule uzi mweusi wa kaboni unaotengenezewa ndege, chepesi kama kitana. Orrin akakigonga kwa ukucha, akakisikiliza, akakigonga tena.

"Kinalia kama boga kavu."

"Mzee, hicho kinabeba kilo mia na hamsini!"

"Nani alikibebesha? Ulikuwepo?"

Wade akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu lilikuwa swali zuri.

Mwishowe akarudi kwenye vile vya boksi la kwanza, vifupi, vya aluminiamu, vya kufunga kwa kamba. Kamba unaizungusha shinani, unaivuta kwa chini kwa uzito wako, halafu unaipitisha kama tarakimu ya nane kwenye pembe mbili ndogo za kipandio. Haina kelele, haina cha kukatika ila yenyewe. Vilikuwa vinne. Ila kamba alizokuwa ameziweka Wade zilikuwa za rangi ya chungwa inayowaka.

"Ili usivisahau kwenye majani, mzee," Wade akasema.

Orrin akanitazama. Wade alipoondoka akaja jikoni, akajimiminia kahawa, akakaa.

"Umeiona rangi ile? Inaonekana mpaka Minnesota."

"Nimeiona."

"Mtu amenifukuzia mti miaka kumi na miwili, leo ananiletea ngazi. Kwa nini?"

"Labda anakupenda."

"Mbweha naye anampenda kuku."

Akazitoa kamba zile zote, akaweka nyeusi. Nami sikumlaumu. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimeiona pikapu ya Wade imesimama nyuma ya kanisa, pua yake ikielekea barabara ya Orrin, na haikuwa Jumapili.

Kuanzia hapo kila Jumamosi asubuhi alikuwa uani kwangu. Nina miti miwili mikubwa, mmepo wa majani mapana na msprusi wa jamii ya msonobari. Mmepo una gome laini na uko mbele ya dirisha la jikoni. Hakuugusa. Alikwenda kwenye msprusi, kwa ule upande wa nyuma usioonekana kutoka ndani, na akaniambia ni kwa sababu ya gome. "Lazima nijue kama meno ya kipandio yanashika gome la magamba." Nilijua kwa nini anataka gome la magamba, na hapa inabidi niungame.

Mti wake niliujua. Si mti wenyewe, lakini mahali pake, tangu mwaka wa sabini na tatu. Kabla hajaoa tulikaa wote nyumbani kwa wazazi na mimi ndiye niliyefua. Kila Oktoba, kwenye pindo za suruali yake ya kuwindia, nilikuta sindano ndogo za njano. Ni majani ya mtamaraki. Huo nao ni jamii ya msonobari, lakini wenyewe hugeuka njano wakati huo na kupukutika kama mti wa kawaida, na gome lake ni magamba matupu. Kwenye msitu wa kaunti yetu mitamaraki mikubwa ya kubeba mtu iko kwenye kinamasi kimoja tu, kule mwisho wa barabara ya zamani ya magogo. Sikusema. Nilizikung'uta sindano zile, nikazitia motoni. Akaoa, nikaacha kumfulia. Joyce alipofariki nikaanza tena, na Oktoba ya kwanza nikakunja pindo, zikadondoka zilezile. Nilikaa juu ya ndoo ya nguo nikalia kidogo. Halafu nikazitia motoni.

Turudi kwenye msprusi. Vipandio vyepesi ni vifupi, kwa hiyo vinne havifiki mbali kama vile vya zamani. Wawindaji wamepata ujanja: chini ya kila kipandio wananing'iniza kitanzi cha kamba cha kutia mguu, ili nafasi kati ya kimoja na kingine iwe kubwa. Wengine hufurahi mno na vitanzi mpaka wanaacha kipandio kimoja nyumbani, wapunguze mzigo. Orrin alianza kuzungumza hivyo mwezi wa Septemba.

"Vitatu vinatosha. Cha nne ni anasa."

"Wade ameleta vinne."

"Wade hana goti langu."

Nilimtazama anavyopanda. Alipanda vizuri, sitamsingizia. Kitanzi anakiona mbele ya macho, anaingiza mguu wa kulia, ulio mzima, anajivuta. Akifika juu anaegemea kwenye mkanda wake kama tai. Kisha anasema, "Dada, hebu niletee kahawa."

Mara ya kwanza nilikwenda nikaileta. Nikarudi yuko chini, anahema, kifua chote magamba ya gome. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu nilijiambia, Ardis, mtu huyu ana kiu ya kahawa akiwa juu tu.

"Umeshukaje?"

"Kwa miguu."

"Na viganja vimechunwa na nini?"

"Dada, wewe ungekuwa polisi."

"Panda tena, ushuke nikuone."

"Nimeshachoka. Leta lefse."

Nikampa lefse, chapati yetu ya viazi, na siagi na sukari, akala mbili, akaenda zake. Kosa langu ni hilo. Nilikuwa nimemkodolea macho Wade muda wote huo, nikihesabu mara anazopita na gari, wakati jambo lenyewe lilikuwa nyuma ya msprusi wangu.

Jumamosi ya tatu ya Oktoba alikuja kabla ya mapambazuko kuchukua vitu vyake bandani. Utaratibu wetu ni kwamba anakaa mtini asubuhi, na saa sita kamili yuko mezani kwangu. Siku ile nilipika soseji ya kulungu na rutabaga ya kuponda, mzizi kama kiazi, ambayo hajawahi kuichelewea tangu utoto. Saa sita ikapita. Saa saba nikakirudisha chakula jikoni. Saa saba na nusu nikapiga simu yake, ikalia bila kujibiwa, nami nilijua huiacha garini, anasema kulungu husikia betri.

Nikaenda bandani, sijui kutafuta nini. Ukutani kuna misumari minne aliyoipiga mwenyewe. Mitatu mitupu. Kwenye wa nne kinaning'inia kipandio kimoja.

Nikasimama nikikitazama. Kahawa, viganja vilivyochunwa, upande usioonekana dirishani. Kupanda na vitanzi anaweza. Kushuka, ambako mguu unapapasa chini nyuma yako bila macho, na goti lisilokunjika vizuri ndilo lililobeba mwili wote, hajaweza hata siku moja. Amekuwa akiteleza na kukumbatia shina, nami nimetumwa kahawa ili nisione.

Nikashika simu. Nimwite nani? Nikimwita polisi, kinamasi kizima kitajaa watu kufikia saa tisa, na Wade mbele yao. Nikimwita Wade, ni Wade. Miaka hamsini nimeificha siri ya sindano zile. Leo nimkabidhi mbweha funguo? Lakini nikamkumbuka mjomba Selmer. Nikaandika karatasi: "Nimekwenda kumfuata Orrin. Kinamasi cha mitamaraki, mwisho wa barabara ya magogo. Nisiporudi saa kumi na moja njooni." Nikaikunja mara mbili, nikaitia ndani ya birika la chai, nikaacha kifuniko wazi. Mtu mwenye wasiwasi wa kweli ataliona. Nikavaa mabuti ya mpira na kofia nyekundu, nikakitoa kipandio msumarini.

Nasema kweli, ndipo nilipovielewa vipandio vyepesi. Nina miaka sabini na minane. Kile cha zamani nisingekifikisha hata langoni. Hiki nilikitia kwapani kama mkate.

Kutoka mwisho wa barabara ni kama kilomita moja juu ya kuvumwani laini inayozama na kurudi. Mitamaraki ilikuwa njano yote. Sikuita jina. Hata wakati ule sikutaka kuita, unajua malezi yalivyo. Nilipiga mluzi wa kumwitia ng'ombe, wa baba.

Ukajibiwa.

Alikuwa kwenye mti mnene ulioinama kidogo, na nilipomwona nilikaribia kucheka. Hakuwa juu. Alikuwa amekwama kwenye kipandio cha mwisho, miguu yake kimo cha kizingiti cha juu cha mlango kutoka chini, ameegemea mkanda, uso wa kijivu. Vile vya juu viwili alishavishuka, sijui kwa maombi gani. Hiki cha chini alikifunga juu kadiri mikono ilivyofika, kufidia kile alichokiacha, na kitanzi chake kikawa kimezunguka nyuma ya shina. Akijiachia, anaangukia goti jipya. Akitaka kufungua mkanda, lazima asimame kwanza, na miguu ilikwisha kufa ganzi.

"Tangu saa ngapi?" nikamuuliza.

"Tangu saa nne." Kisha akageuza shingo akaangalia nyuma yangu, huku na huku. "Nani amekwambia?"

"Suruali yako."

"Nini?"

"Pindo za suruali yako. Tangu mwaka wa sabini na tatu."

Akajitazama. Sindano za njano zilikuwa zimemjaa mabegani kama mtu aliyenyeshewa.

"Joyce naye alikuwa akifua," akasema taratibu.

"Alikuwa akifua."

"Uko peke yako?"

"Na hiki." Nikamwonyesha kipandio. Masikio yalimwiva.

Nikakiweka shinani kimo cha kifua changu, nikaizungusha kamba.

"Vuta kwa chini kwanza!" akasema. "Chini! Meno hayajashika."

"Nimekuangalia mara arobaini, nyamaza."

"Nane kwenye pembe. Nane, dada, si duara."

"Orrin Bakken, ukisema neno jingine nakwenda kukuletea kahawa."

Akanyamaza kweli. Nikaning'inia kwenye kamba kwa uzito wangu wote, nikaifunga, nikakipiga kwa buti kuona kama kitateleza. Hakikuteleza. Nikamshika kisigino cha mguu mzima nikauweka juu ya kikanyagio kwa mkono wangu. Akasimama. Kidogokidogo miguu ikarudi, akilalamika kama mtoto mwenye siafu, akafungua mkanda, akashuka mguu kwa mguu mpaka kwenye kuvumwani. Akakaa chini. Nami nikakaa. Tulikula soseji baridi niliyoitia mfukoni.

Kurudi kulichukua muda. Mabuti yangu yalipokanyaga changarawe nikaona pikapu ya pili nyuma ya gari langu, na Wade ameegemea mlango, na tabasamu lake. Nilimsukuma Orrin nyuma ya vichaka pamoja na vipandio vyake, nikatangulia. Nilikuwa nimechuma kranberi, yale matunda mekundu machachu ya kinamasini, kofia nusu njiani, kwa tahadhari.

"Shangazi! Unafanya nini huku?"

"Nachuma kranberi. Wewe je?"

"Naangalia bata."

"Bata wa barabarani?"

"Na wewe, kranberi bila ndoo?"

Nikamwonyesha kofia. Akachungulia, akachukua moja, akaitafuna, uso ukamkunjamana.

"Mzee hajambo?"

"Kwa nini awe na jambo?"

"Nauliza tu." Akafungua mlango wa gari, akatoa themosi, akaiweka juu ya boneti ya gari langu. "Kahawa hiyo, shangazi. Kwa baridi." Akaondoka polepole, hakutazama vichakani hata mara moja. Na hilo ndilo lililonitia shaka: mtu asiyejua kitu angetazama.

Kahawa ilikuwa ya moto na ya watu wawili. Orrin aliinusa kwanza.

Nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwenye birika. Karatasi ilikuwamo. Lakini mimi niliikunja mara mbili, na hii ilikuwa imekunjwa mara nne, na kifuniko kilikuwa kimefungwa. Saa ya ukutani ilisema saa kumi na moja kasoro robo. Kwa hiyo Wade aliisoma, akaja, akangoja saa niliyoiandika kabla ya kuingia. Au aliisoma akaja kujua tu. Nimelipindua neno hilo usiku mwingi, na kila upande una sura yake. Karatasi niliitia motoni. Orrin sijamwambia, na akisoma hapa atajua, basi na ajue.

Jumamosi iliyofuata alifika kukiwa kweupe, akavitoa vyote vinne misumarini. Hakwenda nyuma ya msprusi. Alikwenda kwenye mmepo, mbele ya dirisha. Akafunga, akapanda bila kitanzi hata kimoja, akafika juu si mbali sana, akaegemea mkanda.

Nikageuka kuelekea jikoni, kwa mazoea.

"Unakwenda wapi?" akaniita.

"Kahawa."

"Sitaki kahawa. Kaa hapohapo."

Nikakaa kwenye ngazi ya baraza. Akaanza kushuka, mguu mbovu kwanza, akinitazama mimi badala ya kutazama chini, nami nikahesabu vikanyagio kwa sauti, vinane, mpaka cha mwisho. Halafu nilimwita barazani, nikamkunjua pindo za suruali, nikazikung'uta sindano za njano za wiki iliyopita kabla hajaingia kwenye gari.